Kifungu cha Saba

3 Februari

Kwako Dada,

Salaam zangu zipokee, hata kama utazipokea kwa ncha za vidole. Najua ukiuona mwandiko huu utaanza kutafuta pipa la taka, lakini simu umenifungia, na posta bado hujapata namna ya kuifunga.

Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu. Mguu wake umepona, na ameanza tena kupanda ngazi za ghala na mashada ya maputo mikononi kana kwamba daktari alikuwa anazungumza na mtu mwingine. Mapacha wamefika darasa la nne na kazi yao ni kunizeesha. Mama hajambo, ni magoti tu, hasa asubuhi. Nilipita Jumapili, akaniletea kiti nje barazani, kama ilivyo kawaida yetu. Mdogo wetu Kitinda naye yupo nyumbani na Mama, kazi za kuandika mabango zimemjaa hadi anakataa wateja. Anasema mkono wa kushoto umemlea vizuri kuliko ndugu zake.

Sasa lililonikalisha chini ni hili. Baraza la mji limekubali kulisikiliza pendekezo letu sisi wenye maduka ya vifaa vya sherehe. Tunataka fataki ziuzwe dukani, kwa mtu mzima yeyote, kwa masharti, badala ya ilivyo sasa ambapo ni kampuni mbili tu zenye kibali na watu wengine wote wananunua kwa kujificha. Miaka mitatu nimepanda ngazi za ofisi ile mpaka mlinzi anadhani nimeajiriwa. Kikao cha kupokea maoni ni tarehe 20 Juni. Na nimeambiwa wewe, mkuu wa wodi ya walioungua, umeandikiwa uje utoe ushahidi.

Nimekuwekea humu kipeperushi ambacho kila mnunuzi atapewa. Vifungu kumi, na michoro. Kisome kabla hujakasirika, halafu ukasirike. Ukija kikaoni sema yote ya kazi yako, sina kinyongo. Ombi langu ni moja: Kitinda umwache nje ya hili. Usimsimamishe mbele ya madiwani kama mfano wa darasani.

Mdogo wako, upende usipende.


19 Februari

Kwa mwenye duka la maputo,

Zimefika salaam. Huku tu wazima. Shemeji yako amepewa zamu ya mchana kiwandani, kwa hiyo sasa tunaonana, na tumegundua hatuna mengi ya kuzungumza. Binti yangu ameanza chuo. Anasomea uhasibu, ameapa hataki kazi yenye harufu. Simlaumu.

Kipeperushi nimekisoma. Nimekisoma nikiwa nimesimama, katikati ya kitanda cha nne na cha tano. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemfungua bandeji mtoto wa miaka tisa. Tunailowesha kwanza kwa maji ya chumvi, taratibu, na bado inatoka na ngozi. Baba yake alinunua fataki sokoni, chini ya meza. Huyo ni wa nne tangu mwaka uanze, na mwaka wenyewe una wiki saba. Nawe unaniandikia kuhusu mapendekezo na masharti! Una akili kweli wewe?

Na mbaya zaidi, umemchoresha Kitinda. Usinidanganye, ndoo ile ya maji naijua, tangu utoto anachora mpini wake umepinda. Umemchukua mtu aliyenyang'anywa jicho moja na vidole vitatu vya mkono wa kulia na fataki uliyoileta wewe, ukaiwasha wewe, halafu umemkalisha mezani akuchoree matangazo ya fataki. Kifungu cha pili kina mchoro wa mkono ulioshika kijiti kirefu cha kuwashia. Una vidole vitano. Vitano! Alivihesabu wakati anavichora? Wewe ulisimama nyuma yake ukasema "vizuri"? Huna haya.

Nitakuja tarehe 20 Juni, na nitawapinga kifungu kwa kifungu.

Ila kifungu cha saba kifute wewe mwenyewe, kabla. Hicho sitaki hata kifike barazani.

Mama namsalimu kwa simu, usijisumbue kumpelekea salaam zangu.

Dada yako.


2 Machi

Dada,

Shikamoo, kwa sababu nililelewa, ingawa si kwa muda mrefu. Mapacha wana mafua, wifi yako ana mafua, na mimi ninayapinga. Kitinda amepaka rangi ubao wa zahanati ya mtaa wetu na wamempa tenda ya vyumba vyote. Mama ameniomba nimtafutie fimbo yenye mpira chini. Nimempelekea. Akaipokea mlangoni.

Umeandika kwamba baba wa yule mtoto alinunua chini ya meza. Umeandika wewe, kwa mkono wako! Hapo ndipo penye kesi yangu yote, Dada. Chini ya meza hakuna anayekuuliza umri. Hakuna anayekuambia uisimamishe mahali tambarare, usiishike mkononi, uwashe moja moja, urudi hatua kumi na tano, ndoo ya maji iwe karibu. Unapewa kitu kimefungwa kwenye gazeti kuukuu na unaambiwa "wahi uondoke". Marufuku ipo miaka yote hii na wodi yako imejaa. Sasa nani anawajaza, mimi ambaye bado sijauza hata moja, au hiyo marufuku unayoikumbatia?

Dukani kwangu maboksi ya kwenye rafu yatakuwa matupu. Fataki zenyewe zitakaa ghala la mawe, mlango wa chuma, mchanga ndoo nne. Mlevi hapewi. Mtoto hapewi hata akija na barua ya mwalimu mkuu.

Kuhusu Kitinda, mimi sikumkalisha popote. Nilimwomba jina la mchoraji mwingine, akanitukana. Akasema, "Unataka mtu asiyejua achore mambo ninayoyajua mimi?" Vidole vitano nilimuuliza. Akajibu kipeperushi ni cha watu ambao bado wanavyo.

Na hicho kifungu cha saba ni chake, si changu. Nilimpa vifungu tisa, akaniletea kumi. Ninacho mbele yangu:

"Fataki iliyowashwa ikikataa kulipuka, usiseme 'imelala'. Sema 'haijalipuka', na watu wote wakae mbali. Ngojeni nusu saa. Kisha mtu mzima mmoja aimwagie maji ndoo nzima kabla haijaguswa."

Niambie muuguzi gani duniani anaweza kukipinga hicho. Vingine nilitegemea. Hicho una kisa gani nacho?

Mdogo wako.


15 Aprili

Salaam.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nina kazi. Watu wengine hawakai nyuma ya kaunta wakipuliza maputo.

Binti yangu amefaulu mtihani wa kwanza. Shemeji yako amejenga banda la kuku, kuku hana.

Kifungu kile kimeandikwa vibaya. Kinachanganya watu. Kipeperushi hakimwambii mtu aseme nini na asiseme nini, kinamwambia afanye nini. Tena "imelala" ni neno la machimboni, la marehemu Baba na wenzake, huko mjini hakuna anayelitumia. Madiwani watacheka. Nakuambia kwa faida yako.

Sasa sikia, kwa sababu sitarudia. Ukikifuta, siji. Nitawaandikia baraza kwamba nina zamu, na watapata daktari kijana wa kuja kusoma takwimu kwa sauti ya usingizi, nawe utapata sheria yako. Usipokifuta, nakuja, na ninakuja na picha. Nitawaeleza nani alileta fataki uani kwetu na nani aliiwasha, na nitaeleza Mama akiwa amekaa mstari wa mbele.

Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Wewe si mtoto, utanielewa.

Dada yako.


22 Aprili

Dada,

Salaam zako utazikuta mwishoni kama zitakuwa zimebaki. Wazima wote.

Unanitisha kwa Mama? Mimi! Mama amenipa kiti cha barazani miaka yote tangu nirudi mji huu. Siijui rangi ya kuta za chumba chake. Nyumbani kwangu ni mwendo wa robo saa, hajawahi kuja, hata mapacha walipozaliwa. Kuna kitu gani kilichobaki ambacho utaninyang'anya?

Basi acha niseme mimi, kwa kuwa wewe unazunguka kama kuku aliyeona nyoka.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, wewe kumi na saba, Kitinda sita. Fataki nilinunua mbili kwa muuza vitana, zimefungwa kwenye gazeti, maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Niliisimamisha moja uani juu ya tofali, nikawasha. Ule utambi ukaungua wote, moshi kidogo, kimya. Wewe ulikuwa mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Ukapiga kelele: "Imelala!"

Mimi nilisimama pale pale. Wewe pia ulisimama. Tulikuwa tunampelekea Baba chakula machimboni tangu tukiwa wadogo, na tulijua kwamba yeye mlipuaji akipiga kelele "imelala", maana yake baruti iko shimoni hai na haijalipuka, na mwanamume mzima analala kifudifudi nyuma ya jiwe mpaka yeye mwenyewe aende kuitazama peke yake. Hilo neno lilitufunga miguu. Lakini Kitinda hakuwahi kufika machimboni. Baba aliacha ile kazi kabla mtoto hajajua kutembea. Yeye alilijua la nyumbani tu: mtoto amelala, pita, moto umelala, sogea. Alisikia dada yake anasema imelala. Akaenda kuiokota, anacheka.

Baba aliuliza jioni ile, "Nani kamtuma mtoto?" Wewe uliangalia sakafu. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa jibu. Kesho yake nikapakiwa kwenda kwa Mjomba. Miaka kumi na moja, Dada. Barua zako nilipata mbili, zote za kuniuliza kama nimejuta.

Sijawahi kukutaja kwa mtu. Usijipe raha, haikuwa wema. Nilijiambia moto ulikuwa wangu na neno lilikuwa lako, na moto una uzito zaidi. Siku hizi sina hakika.

Na sasa furahi: nimekifuta. Nimekipigia mstari asubuhi hii na karatasi zimekwenda kwa mchapaji na vifungu tisa. Nataka sheria yangu, nimechoka. Kwa hiyo nitauza fataki bila kumwonya mtu kuhusu fataki iliyokataa, na muuguzi wa walioungua ndiye aliyeniomba nisimwonye. Nyani haoni kundule, lakini leo nimeliona langu na lako pia.

Salaam hazikubaki.


30 Mei

Dada,

Wiki tano hakuna jibu. Nimemuuliza wa posta mpaka ananikimbia. Mama amekuwa akikohoa, ameanza kupata nafuu. Pacha wa kike ameng'oa jino kwa kamba na mlango, nimezimia mimi. Kuku wa shemeji wamepatikana?

Nakuandikia kwa sababu mkataba wetu umekufa, na ni haki yako kujua umekufaje.

Juzi Kitinda aliingia dukani na karatasi ya majaribio kutoka kwa mchapaji. Akaitandaza juu ya kaunta, katikati ya riboni.

"Cha saba kiko wapi?"

Nikamwambia nafasi haikutosha.

"Kaka, nafasi niliipanga mimi kwa rula."

Nikasema wanasheria hawakukipenda. Akaniangalia kwa lile jicho lake mpaka nikaona nakosa pa kuweka mikono. Nikasema, basi, Dada ndiye hakitaki. Nilidhani atauliza kwa nini. Hakuuliza. Alivuta kiti, akakaa, akasema hivi, nakuandikia neno kwa neno:

"Mwambie Dada sauti ile naijua tangu siku ile. Nilikuwa mtoto, sikuwa kiziwi."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukusema? Miaka yote hii Mama ananiona mimi shetani, na wewe unalala chumba cha pili!"

Akasema, "Baba alikuwa ameshamwondoa mmoja. Ningesema, angemwondoa na wa pili. Ningecheza na nani?"

Ndivyo alivyowaza akiwa na miaka sita. Baadaye, anasema, alikua, na Baba akafa, na akakuta sisi wawili tumeshazoea, wewe kunichukia na mimi kuchukiwa, na Mama amezoea kiti cha barazani. Hakujua aanzie wapi. Akaanzia kwenye kifungu. Alifikiri tukikisoma tutaona aibu tuseme wenyewe. Badala yake mimi na wewe tumekaa kama wauza ng'ombe na kupatana kukifuta. Nimeona haya ambayo sijawahi kuiona.

Nilimwomba radhi. Akasema radhi niweke akiba, nimrudishie kifungu chake kwanza. Nimekirudisha. Nikasimama kwa mchapaji mpaka nikaona kwa macho yangu.

Kwa hiyo njoo. Leta picha zako. Mwambie Mama lolote. Mimi sitakutaja, na Kitinda hatakutaja. Lakini kifungu hakitoki tena, hata uje na polisi.

Mdogo wako.


9 Juni

Wewe,

Kuku wamepatikana, watano, mmoja ameshakufa. Binti mzima. Mimi sijui kama ni mzima.

Barua yako nimeisomea chooni, mlango nimeufunga kwa komeo, maana wodini hakuna pengine pa mtu kukaa peke yake. Nimeisoma mpaka mtu wa zamu akagonga.

Nilipiga kelele ili kumzuia. Andika hilo mahali, kwa sababu hukuliandika. Nilimwona anaanza kusogea na neno lililonitoka mdomoni ni lile tulilofundishwa. Ningesema "acha" angeacha. Ningesema jina lake angegeuka. Sekunde mbili nilikuwa nazo, nikazitumia kwa neno la Baba.

Na Baba aliuliza nani kamtuma mtoto. Hakuna aliyemtuma. Nilijiambia hivyo nikiwa naangalia sakafu: hakuna aliyemtuma, basi sina la kujibu. Nimeishi ndani ya jibu hilo miaka ishirini na minne. Nikaenda kusomea uuguzi, watu wakasema ana moyo huyu dada, amefanya kwa ajili ya mdogo wake. Nikawaacha waseme. Kila mtoto ninayemfungua bandeji najiuliza nani alisema nini kabla hajanyoosha mkono.

Kukuchukia wewe kulikuwa rahisi. Ulikurahisisha mwenyewe, uliileta takataka ile uani kwetu, na leo unataka kuiuza kwa majirani. Kwa hiyo usifikiri tumepatana. Hatujapatana. Kama ningekuwa karibu ningekupiga kofi, sijui la nini hasa, ningetafuta sababu baadaye.

Kitinda usimwambie nimelia.

Ninakuja tarehe 20. Sitakuja kukusaidia. Nitafikia nyumba ya wageni, usije kunipokea kituoni na usimtume wifi na maua.

Mama anajua? Nijibu hilo tu.


13 Juni

Hajui. Wazima wote.


27 Juni

Dada,

Salaam, na wifi yako anasema hakuwa na mpango wa kuleta maua. Mapacha wamefunga shule. Kitinda ana kazi mpya nitakueleza.

Ulitoka ukumbini kabla ya kura, ukiwa umeshika mkoba kama mtu aliyeiba, kwa hiyo nadhani hujui kilichotokea. Na kama kuna mtu ameshakuambia, utasoma tena, kwa sababu mimi nilikuwepo na nina hasira.

Umesema "msipitishe" mara tatu. Nilihesabu. Umewaeleza bandeji, umewaeleza maji ya chumvi, yule diwani mnene akaweka chini biskuti yake. Nikasema basi, miaka mitatu imekwenda na maji. Halafu ukanyamaza. Sisi wote tukadhani umemaliza. Ukasema, "Lakini mkiipitisha, kifungu cha saba kisiguswe, kwa sababu neno lile la baba yetu mlipuaji nililisema mimi, siku mdogo wetu alipoumia. Kaka yake aliwasha. Mimi ndiye niliyesema imelala, na mtoto akanisikia mimi." Ukamwonyesha Kitinda kwa kidole, pale alipokaa na Mama. Mimi nilikuwa nimekuomba usimtaje, na ukamtaja.

Mwenyekiti alisahau kugonga meza. Ukatoka.

Imepita. Kura mbili zaidi. Na sikia kichekesho chako: diwani mmoja amesimama kusema alikuja kupinga, lakini kama binti wa mlipuaji wa baruti anaweza kukosea kwa neno moja, basi watu wa kawaida hawawezi kuachiwa gazeti kuukuu na bahati yao, wapewe karatasi. Wewe ndiye uliyenipitishia, Dada. Ulikuja kuzika, ukazalisha. Wameongeza masharti mawili: kifungu cha saba kibandikwe ukutani kila duka kwa herufi kubwa, na muuzaji amsomee mnunuzi kwa sauti kabla ya kumpa mzigo. Hiyo ndiyo kazi mpya ya Kitinda. Anaandika vibao kumi na vinane.

Sasa la Mama.

Siku ile ukumbini hakusema kitu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, mlango wangu ukagongwa kwa fimbo. Nikafungua, ni yeye. Amekuja kwa miguu, na magoti yale. Hakungoja kukaribishwa. Alinipita mlangoni, akaangalia sebule yote, picha za mapacha ukutani, akakaa kiti cha karibu na dirisha.

Akaniuliza, "Mbona hukusema?"

Nikasema, "Hukuniuliza, Mama."

Nimelijutia jibu hilo tangu lilipotoka. Lilikuwa la kweli na lilikuwa baya. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepokea mzigo. Wifi yako alikuwa sokoni. Nikakimbilia jikoni kutengeneza chai, kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Nikaja na kikombe na bakuli la sukari, nikainama nimtilie, na kijiko kikabaki hewani. Nikagundua sijui anaweka vijiko vingapi. Nina miaka thelathini na minane na sijui chai ya mama yangu. Na yeye akaona kwamba sijui. Tulitazamana pale, Dada, sitaki kukueleza zaidi. Nikatia kimoja. Akanywa yote mpaka mwisho, na sijui hata kama ilikuwa nzuri. Alipoondoka akasema atarudi Jumapili.

Ningeweza kumuuliza Kitinda, yupo hapo mtaa wa pili. Sitaki. Katika nyumba ile uliniondoa wewe, kwa hiyo jibu hili nalitaka kwako. Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi mkononi. Mpe jibu yeye yule.

Vijiko vingapi?


30 Juni

Viwili, vya kujaa. Usimkorogee, anakoroga mwenyewe. Maziwa yawe ya moto, ya baridi atayaacha.

Sheria yako bado naichukia. Siku nitakayompokea mtoto wa kwanza mwenye risiti ya duka lako, nitakuandikia, na hiyo itakuwa haina salaam.

Mama akikuuliza umejuaje, usinitaje. Sema ulikuwa unakumbuka.